Nani anakusubiri Jumanne asubuhi?

Mwaka 2005, Dk. Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari bingwa wachache wa magonjwa ya akili nchini Zimbabwe, alipigiwa simu na mama wa mgonjwa wake. Binti huyo wa miaka 26 alikuwa ameshajaribu kujiua mara moja, akaokolewa, na ikakubaliwa aletwe Harare aonwe tena. Wiki zikapita bila kuonekana. Sasa mama alikuwa anamwarifu daktari kwamba mwanawe amejiua siku tatu zilizopita. Daktari akauliza mbona hawakuja kama walivyoagana. Hawakuwa na nauli, mama akasema. Basi lilitaka dola 15.

Habari hiyo Chibanda ameisimulia hadharani mara nyingi. Ilimwonyesha kuwa yeye na wenzake, ambao kwa hesabu yake walikuwa 12 kwa taifa la watu milioni 14, wasingeweza kukaa hospitalini wakingoja wagonjwa waje. Huduma ilibidi ishuke mitaani. Akaenda kuomba watu na chumba Mbare, kitongoji kikongwe cha Harare chenye msongamano mkubwa, ambacho mwaka huohuo kilipigwa na Operesheni Murambatsvina, bomoabomoa ya serikali ambayo Umoja wa Mataifa ulikadiria iliwaacha watu wapatao 700,000 bila makazi au bila riziki. Wauguzi wa kliniki walikuwa wamezidiwa. Chumba hakikuwepo. Alichopewa ni bibi 14 na benchi la nje.

Bibi hao hawakuokotwa njiani. Walikuwa tayari wahudumu wa afya wa mtaani, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuhimiza usafi na kuwakumbusha watu dawa. Lakini Chibanda mwenyewe amekiri kwamba mwanzoni hakuwa na imani nao. Wengi hawakuwa na elimu ya kutosha kwa kipimo cha chuo kikuu, na yeye alikuja na vitabu vyake. Akaliita benchi lile benchi la afya ya akili. Hakuna aliyekaa. Bibi wakamweleza jambo ambalo mtu yeyote wa uswahilini angemweleza bure: nani atakwenda kukalia benchi la wagonjwa wa akili huku majirani wanamtazama? Liite Benchi la Urafiki. Wakamwambia pia aache majina ya kitabuni ya ugonjwa, atumie maneno ambayo watu hutumia wakiwa jikoni au kisimani. Daktari akasikiliza, na nadhani huo ndio uamuzi wake wa kitabibu ulio bora kuliko yote.

Kazi yenyewe inaendeshwa hivi. Mtu akifika kliniki anaulizwa maswali 14: kama analala, kama anajisikia kulia, kama amewahi kuona maisha hayafai. Majibu yakionyesha amelemewa, anaelekezwa kwenye benchi. Bibi anamwacha aseme yote: mume aliyeondoka, kodi ya nyumba, majibu ya vipimo vya VVU aliyoyaficha. Kisha anamwomba achague tatizo moja tu. Hilo moja wanalichambua wawili, wanatafuta hatua ndogo inayowezekana wiki hiyo, mtu anakwenda kuifanya, anarudi kueleza imekwendaje. Mikutano ni sita hivi. Baadaye anakaribishwa kwenye kikundi cha waliopitia benchi hilo, ambako wanafuma mikoba ya plastiki chakavu huku wanazungumza, na mikoba inauzwa.

Yangeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya kusimuliwa na wafadhili. Lakini Chibanda na wenzake waliipima kazi hiyo. Waliwagawa watu 573 kutoka kliniki 24 za Harare katika makundi mawili. Kundi moja likapata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, jingine likaketi na washauri wa benchi. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA. Baada ya miezi sita, nusu ya watu wa kundi la kwanza bado walikuwa na dalili za sonona. Kwa waliokaa kwenye benchi, walikuwa asilimia 14. Tangu hapo mabenchi yamesambaa hadi Malawi, New York na hapa kwetu Zanzibar. Wakati wa Kombe la Dunia la 2022, Shirika la Afya Duniani liliweka mabenchi 32 mjini Doha, moja kwa kila timu.

Takwimu zinawahusu wagonjwa. Mimi nimewatazama bibi, kwa sababu nina umri wa kutosha kuanza kuhesabu miaka iliyobaki kabla ya barua ya kustaafu, na sijaona popote pengine ambapo watu waliopita hamsini wamepewa kazi iliyopangwa vizuri namna ile. Walifundishwa kwanza. Wana daftari. Wana wa kuwasimamia na wa kumwendea kesi ikiwashinda. Wana siku yao na mahali pao, na mgonjwa wa Jumanne anajua atamkuta bibi yuleyule wa Jumanne iliyopita. Bibi asipotokea, kuna mtu amekaa pale anamtazamia. Na hupewa posho. Ndogo, lakini hupewa. Umri wao umehesabiwa kuwa sehemu ya kazi: kijana wa miaka 25 aliyetoka chuoni hawezi kumwambia mama wa watoto wanne kwamba mume kuondoka si mwisho wa dunia. Bibi anaweza, maana wa kwake aliondoka mwaka 1987.

Sasa turudi nyumbani. Mtumishi wa umma Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na analazimika akifika 60. Maprofesa na madaktari bingwa wameongezewa hadi 65. Kenya pia watumishi wengi wa serikali huondoka wakiwa na 60. Mtu aliyefika umri huo akiwa na afya anaweza kuwa na miaka 15 au 20 mbele yake. Wafanyakazi wenzake watamchangia, watammwagia sifa, watampa mabati au friji, na mkurugenzi atasema mlango uko wazi, karibu wakati wowote utushauri. Mlango haujawahi kuwa wazi. Jaribu kwenda miezi miwili baadaye, uone mlinzi atakavyokuandikisha kwenye kitabu cha wageni.

Na huko mtaani anakorudi, wala haachwi peke yake. Huo ndio utofauti wetu na nchi ambako wazee hufungiwa na televisheni. Kwetu mstaafu anatafutwa sana. Anatafutwa awe mgeni rasmi wa mahafali ya shule ya awali. Anatafutwa awe mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mtoto wa jirani, yaani atoe mchango wa kufungulia. Anawekwa kiti cha mbele msibani, anaombwa aseme neno la familia, anapewa soda ya kwanza. Heshima yote hiyo ni ya kweli, sitaki kuidharau. Ila ni heshima ya kukaa. Haimwombi mtu chochote anachokijua. Mwanamke aliyezalisha kwa miaka 35 katika hospitali ya wilaya anakaa kwenye kiti cha mbele, huku nyumba ya tatu kutoka hapo kuna msichana mja mzito ambaye miguu imemvimba na kichwa kinamuuma, na hakuna aliyefikiria kuwakutanisha.

Chukua mhasibu aliyestaafu halmashauri. Kijijini kwake kuna chombo cha watumia maji, kinachokusanya fedha za ndoo kwenye vituo, kinalipa umeme wa pampu na fundi. Miradi mingi ya namna hiyo inakufa na visima vikiwa na maji tele. Fedha za ukarabati huliwa, au hazikuandikwa vizuri, watu wakaacha kulipa. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa nusu siku kila wiki na daftari la mapato, stakabadhi na taarifa ya benki. Mhasibu wetu aliifanya kazi hiyo kwa miaka 30 na angeifanya akiwa amefumba macho. Lakini atakachoombwa ni kuwa mlezi wa kamati, cheo ambacho maana yake ni kualikwa siku ya uzinduzi.

Zipo sehemu ambazo wazee wana kazi halisi. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 ilianzisha vyombo vya wajumbe wanne hadi wanane vya kusuluhisha migogoro midogo, na mara nyingi utakuta humo walimu wastaafu na akina mama wenye msimamo. Mtu aliyewahi kusikiliza shauri la mpaka wa shamba pale anajua ni kazi ya kuchosha: unakwenda shambani, unatafuta mti wa mpaka uliopandwa miaka 40 iliyopita, unawasikiliza ndugu wanaotukanana. Pwani ya Kenya, wazee wa Kimijikenda ndio waliozilinda kaya, misitu mitakatifu ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Wanajua mti upi haukatwi na nani aliingia bila ruhusa.

Tatizo ni nauli. Kwa watu wengi wa umri huu kujitolea kunagharimu, na wanaopanga miradi hawataki kulisema. Tuseme mkunga mstaafu anaombwa apite kliniki ya kata mara moja kwa wiki kuwafunda wajawazito. Bodaboda kwenda shilingi 2,000, kurudi 2,000; kwa mwezi ni shilingi 16,000, kabla hajanunua chai. Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila aliyefikisha miaka 70, kiwango kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kilipandishwa hadi 50,000 mwaka 2023. Kenya, Inua Jamii huwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za huko. Bara hatuna kitu cha namna hiyo kwa kila mzee. Mtu wa aina hii ukimwambia ajitolee kwa moyo, halafu mratibu wa mradi anakuja na gari lenye kiyoyozi, usishangae akikuambia ana wageni nyumbani. Halmashauri inayoweza kulipa posho ya kikao kwa wakuu wa idara kumi inaweza kumlipia mkunga bodaboda ya mwaka mzima. Haijaamua tu.

Hata Marekani, ambako watu hupenda kujisifu kwa kujitolea, wenye akili walikulipia. Mjini Baltimore uliendeshwa mpango wa Experience Corps, uliowapeleka watu wa miaka 60 na zaidi katika shule za msingi kuwasaidia watoto kusoma. Walitakiwa wafike saa 15 kwa wiki, mwaka mzima wa masomo, na walipewa posho ya kufidia gharama. Watafiti wakawapima ubongo baadhi yao kwa mashine, wakalinganisha na wenzao wasioingia kwenye mpango. Waliokuwa shuleni walionyesha dalili nzuri katika sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu, zaidi kwa wanaume. Nimeikumbuka habari hiyo kila niliposikia ushauri kwamba mstaafu acheze mafumbo ya gazetini ili asisahau. Mtoto wa darasa la pili anayeng'ang'ania kuwa saba na sita ni kumi na mbili ni fumbo gumu kuliko yote, na analia.

Lazima niseme jambo ambalo makala za namna hii hulipitia mbali. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki waliopita hamsini hawahitaji kutafutiwa shughuli. Wanazo. Ukimwi uliwaachia wajukuu; miji iliwachukua mabinti na kuwarudishia watoto wachanga. Kule Muleba, mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 likifanya kazi na bibi waliokuwa wakilea yatima wakiwa wenyewe hawana kitu. Lilianza kwa kuwapa pensheni ndogo ya kila mwezi, na ripoti iliyotolewa mwaka 2008 ilibeba jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa sababu huko ndiko fedha zilikokwenda. Mwanamke wa aina hiyo akiambiwa ajitolee zaidi anatukanwa. Anachohitaji ni saa mbili kwa wiki ambazo hakuna anayemwita. Nikisoma tena habari za bibi wa Mbare naona kuwa hata wao, ile posho na lile benchi viliwapa pia mahali pa kukaa mbali na nyumbani, pamoja na wenzao, kwa sababu isiyoweza kulaumiwa na mtu.

Wapo pia wanaokataa kuondoka, nao wana madhara yao. Mwenyekiti wa kamati ya shule aliyeshika kiti tangu watoto wake wanasoma, na sasa wajukuu wamemaliza. Katibu wa msikiti au mzee wa kanisa ambaye funguo za stoo zinalala kwake. Wanajitolea kweli, hakuna anayewalipa, na hilo ndilo linalofanya isiwezekane kuwaondoa. Mwalimu Nyerere alikabidhi urais Novemba 1985 akiwa na miaka 63, lakini uenyekiti wa chama aliuacha mwaka 1990 tu, na waliomfuata walijua uzito wa kutawala huku mwenyewe yuko Butiama anasikiliza redio. Namkumbuka kwa heshima zaidi kwa yale aliyoyafanya nje ya nyumba aliyoijenga. Aliongoza Tume ya Kusini kuanzia 1987 hadi 1990. Alitafsiri Injili kwa tenzi. Tangu 1996 alisuluhisha mgogoro wa Burundi, akiwakalisha Arusha watu ambao hawakutaka kusalimiana, na kazi hiyo hakuimaliza. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 huku mazungumzo yakiendelea. Kazi ya Burundi ilimfaa mtu aliyekwisha kuwa na madaraka na hakuyahitaji tena. Kijana angetaka sifa ya mkataba.

Anayetaka kujifunza kuanza mapema amtazame Jane Goodall. Gombe, mkoani Kigoma, alifika Julai 1960 akiwa na miaka 26, na kwa robo karne alijulikana kwa jambo moja, sokwe. Mwaka 1986 alikwenda Chicago kwenye mkutano wa wanasayansi wa sokwe, akasikia taarifa za misitu inavyofyekwa kila nchi, na kwa maelezo yake mwenyewe akatoka pale mtu mwingine. Alikuwa na miaka 52. Utafiti aliwaachia wengine. Mwaka 1991, nyumbani kwake Dar es Salaam, alikaa na wanafunzi 12 waliokuwa na wasiwasi juu ya mazingira, na mazungumzo hayo yakazaa Roots & Shoots, mtandao wa vijana uliofika nchi nyingi duniani. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, katikati ya ziara ya mihadhara Marekani. Najua utasema huyo alikuwa na jina kubwa na watu wa kumkatia tiketi. Kweli. Lakini alibadili kazi akiwa bado na nguvu na nafasi ya kujifunza upya, wakati wengi wetu katika umri huo tunahesabu mafao na kubishana kuhusu kikokotoo.

Nimewaacha wanaume mwishoni makusudi. Mbare waliokaa kwenye benchi ni bibi. Babu wako wapi? Baltimore wanaume waliojiandikisha walikuwa wachache sana, ingawa ndio walionekana kufaidika zaidi. Hapa kwetu utawakuta kijiweni kwenye kahawa kuanzia saa kumi, wakijadili Simba na Yanga na kumpangia Rais baraza la mawaziri. Kijiwe kina faida zake. Nimepata habari nyingi za kweli pale kuliko ofisini. Lakini mwanaume aliyekuwa na dereva na mhudumu wa kumpelekea chai anaona aibu kupangiwa zamu na muuguzi mwenye umri wa binti yake, na hiyo aibu inamla kuliko shinikizo la damu. Ukimwita kwenye semina ya kujitolea hatakuja. Ukimpa fomu ataikunja aiweke mfukoni.

Kama baba yako au mjomba wako alikuwa fundi, na sasa anashinda na kanzu kibarazani akigombana na redio, usimweleze faida za kuwa na shughuli baada ya kustaafu. Mwambie madawati ya darasa la nne yamevunjika, na kuna fundi mmoja kijana ametaka laki tatu, tena kwa misumari ya inchi mbili. Mwambie hivyo halafu nenda zako. Ataomba nauli mwenyewe.